Shajara ya Mradi: Metali Nzito katika Likeni na Mosi

Januari: swali na mpaka wake

Mradi unaanza na swali moja, baada ya mengine kadhaa kuwekwa kando: likeni au mosi inapokutwa na risasi, shaba, zinki au kadimi kwa wingi, je, wingi huo unaonyesha kwamba imedhurika, au unaonyesha tu kwamba metali hizo zilipita hewani zikanaswa? Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, hata katika ripoti za wataalamu, ambamo ramani ya viwango vya metali husomwa moja kwa moja kuwa ramani ya madhara. Kunaswa kwa metali hupimwa kwa kemia; madhara hayapatikani ila kwa kumchunguza kiumbe mwenyewe na kuona kama bado anaishi inavyompasa.

Viumbe hawa wamechaguliwa kwa sababu ya maumbile yao. Mosi ni mimea midogo isiyo na mizizi ya kweli, maana vijizizi vyake huishikiza mahali ilipo na si tegemeo lake kuu la maji. Majani yake kwa kawaida yana unene wa seli moja tu, na hayana tabaka la nta linalostahili kutajwa, hivyo mvua, umande na vumbi huzifikia seli bila kizuizi. Likeni nayo ni ushirika wa kuvu na mwani wa kijani, au wa kuvu na bakteria wa kijani-samawati, ambamo kuvu hujenga mwili na mshirika wake hutengeneza chakula kwa usanisinuru. Hukua polepole, spishi nyingi zikiongeza milimita chache tu kwa mwaka, na huweza kukaa mahali pamoja kwa miongo mingi. Mti uliochafuliwa huangusha majani na kuchipua mengine; likeni haina njia hiyo, na kinacholetwa na hewa huendelea kurundikana juu yake na ndani yake.

Eneo la kazi ni ukanda unaoanzia kwenye uzio wa kiwanda cha zamani cha kuyeyushia madini na kufuata upande ambao upepo huelekea zaidi, mpaka kwenye msitu ulio mbali, ambao tunauchukulia kuwa eneo la ulinganisho. Tanuri za kiwanda zimezimwa kitambo, na kilichobaki ni marundo ya mabaki ya uyeyushaji na vumbi linalopeperuka kutoka humo. Hali hiyo ndiyo iliyotuvutia, kwa sababu itakayoelezwa katika maandishi ya Februari.

Februari: kumtenga mshitakiwa mwingine

Kabla ya kwenda uwandani tulipitia yaliyokwisha kujulikana, na jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba sifa ya likeni kama kipimo cha hewa haikutokana na metali. Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander alieleza jinsi bustani ya Luxembourg jijini Paris ilivyokuwa na spishi nyingi ambazo hazikuonekana katika sehemu nyingine za jiji, akahusisha tofauti hiyo na ubora wa hewa. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1970, David Hawksworth na Francis Rose walichapisha kipimo cha kukadiria uchafuzi huko Uingereza na Wales kwa kutazama likeni zinazoota kwenye magome ya miti, na walichokuwa wakikadiria kilikuwa dioksidi ya salfa. Gesi hiyo, itokanayo hasa na uchomaji wa makaa ya mawe na uyeyushaji wa madini yenye salfa, ndiyo iliyoziondoa likeni nyingi mijini. Mtu anayeona magome matupu karibu na kiwanda na kusema kwamba risasi imeua likeni, huenda anamhukumu asiyehusika.

Ugumu huu ulionekana waziwazi huko Sudbury, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako nikeli na shaba ziliyeyushwa kwa miongo mingi. Gesi ya salfa na vumbi la metali vilitoka katika mabomba yaleyale, vikaelekea upande uleule wa upepo, vikapungua kwa pamoja kadiri umbali ulivyoongezeka. Bomba lenye urefu wa mita 381 lililokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilipunguza gesi karibu na mji kwa kuisambaza mbali zaidi, lakini halikuondoa metali zilizokwisha kutua ardhini. Mtafiti anayelinganisha umbali na idadi ya spishi mahali pa namna hiyo hupata uhusiano mzuri sana wa kitakwimu ambao hautofautishi sababu moja na nyingine.

Ndiyo maana kiwanda kilichozimwa kina manufaa kwetu. Salfa haitoki tena, vumbi la metali linaendelea, na likeni zilizorejea tangu tanuri zizimwe zimekua katika mazingira ambamo adui mmoja ameondoka na mwingine amebaki. Sidai kwamba utengano umekamilika, kwa kuwa udongo ulioachwa ukiwa na asidi bado uko, ila ni bora kuliko pale ambapo mabomba yanafuka.

Kwa upande wa mosi historia ni fupi na ina mstari ulionyooka zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Åke Rühling na Germund Tyler wa Uswidi walionyesha kwamba mosi zinazotanda kama zulia ardhini zinaweza kutumiwa kufuatilia metali zinazoshuka kutoka hewani. Kutoka hapo ulizaliwa uchunguzi wa Ulaya ambao tangu 1990 hurudiwa kila baada ya miaka mitano. Kati ya 1990 na 2010 kiwango cha wastani cha risasi katika mosi za nchi zilizoshiriki kilishuka kwa asilimia 77, na kadimi kwa asilimia 51. Zebaki, iliyoingizwa katika uchunguzi huo 1995, ilishuka kwa asilimia 14 tu. Tofauti hiyo ina maana: risasi ilifuata petroli yenye risasi, ambayo iliachwa nchi baada ya nchi mpaka ikaisha duniani kote 2021, lakini zebaki husafiri hewani ikiwa gesi kwa miezi mingi na kuvuka mabara, kwa hiyo sera ya nchi moja haiwezi kuizuia isiangukie mosi za nchi hiyo.

Machi: ukusanyaji

Spishi tulizozikusudia ni zile zinazopatikana sehemu nyingi za dunia, ili matokeo yaweze kulinganishwa: mosi Hypnum cupressiforme kwenye magome na mawe, Ceratodon purpureus na Bryum argenteum karibu na uzio, na likeni ya manjano Xanthoria parietina kwenye matawi. Hypnum haikupatikana hata kidogo katika sehemu ya ukanda iliyo karibu na marundo, na hilo lilitulazimu kupanga mifuko ya mosi, ambayo nitaieleza katika maandishi ya Mei.

Taratibu tulizozifuata zinakaribiana na zile za uchunguzi wa Ulaya. Sampuli za ulinganisho huchukuliwa umbali wa mita 300 au zaidi kutoka barabara kuu, na mita tatu au zaidi nje ya kivuli cha matawi, kwa sababu maji yanayotiririka kutoka kwenye majani huleta metali ambazo mti wenyewe ulizikusanya. Kila sampuli huunganishwa kutoka vipande vitano hadi kumi vilivyotawanyika katika eneo la mita 50 kwa 50, maana zulia moja la mosi linaweza kutofautiana sana na jirani yake. Mkusanyaji huvaa glavu zisizo na poda na hatumii kisu cha chuma. Uvutaji wa sigara hauruhusiwi karibu na sampuli, kwa kuwa tumbaku ina kadimi. Maabara hukausha sampuli kwa nyuzi 40 za Selsiasi, kwani joto kubwa zaidi huipotezea sampuli zebaki.

Kuhusu kuosha au kutoosha, tumeamua kutoosha sampuli za kipimo cha jumla, na kuacha uoshaji uwe awamu rasmi ya uchambuzi wa sehemu metali zilipokaa. Anayeosha kwa haraka chini ya bomba na kisha kupima jumla hapati vumbi wala seli. Anapata namba iliyo katikati ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kuirudia.

Aprili: metali imekaa wapi

Kazi ya mwezi huu ndiyo moyo wa mradi, na nitaieleza kwa urefu.

Metali inaweza kuwa katika sehemu tatu za mosi au likeni. Inaweza kuwa punje ya vumbi iliyonaswa juu ya jani au katikati ya nyuzi za kuvu. Inaweza kuwa ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, iliyoshikwa na ukuta wa seli, nje ya utando wa seli. Na inaweza kuwa imeingia ndani ya seli yenyewe. Kipimo cha kawaida, ambacho huchemsha sampuli nzima katika asidi ya nitriki na kuisoma kwa spektrometa, yaani chombo cha kutambua na kupima elementi, huzijumlisha zote tatu na kutoa namba moja ya mikrogramu kwa kila gramu ya uzito mkavu. Kwa uhai wa kiumbe, hata hivyo, ni sehemu ya tatu ndiyo inayogusa vimeng'enya na klorofili.

Ukuta wa seli ya mosi una vikundi vya kikemikali vyenye chaji hasi, hasa vile vya asidi za yuroniki, ambavyo huvuta ioni zenye chaji chanya. Ioni hugombea nafasi hizo kama majahazi yanavyogombea gati: kalisi na magnesiamu zilizokuwa zimetia nanga husukumwa na metali zinazoshika kwa nguvu zaidi, na risasi pamoja na shaba ni miongoni mwa zinazoshika kwa nguvu kuliko zote. Mchakato huu hautumii nishati ya kiumbe na hukamilika kwa sehemu kubwa ndani ya dakika chache. Hidrojeni ya mvua yenye asidi hugombea gati hizohizo, na chumvi za bahari pia, kwa hiyo mosi ya pwani inaweza kuonyesha metali kidogo kuliko ya bara ingawa hewa zao hazitofautiani. Kuingia ndani ya seli ni habari nyingine: huenda polepole, hutegemea utando ulio hai, na metali zinazofanana na virutubisho, kama vile zinki na kadimi, hupitia milango iliyokusudiwa kwa vitu vingine.

Mbinu tunayoitumia huondoa metali kwa awamu. Kipande kibichi hutikiswa kwanza katika maji yaliyoondolewa ioni, na hapo hutoka vumbi lililolegea na chumvi zilizoyeyuka katikati ya seli. Kisha hutikiswa katika mmumunyo unaong'oa ioni kutoka ukutani bila kuvunja utando. Wengi hutumia kloridi ya nikeli, lakini nikeli ni mojawapo ya metali tunazozitafuta, kwa hiyo tumetumia EDTA, kemikali inayofungamana na metali na kuziondoa ukutani. Baadaye kipande hukaushwa kwa joto ili utando upasuke, na kilichokuwa ndani ya seli hutolewa. Kinachobaki, ambacho kwa kiasi kikubwa ni punje zisizoyeyuka, humalizwa kwa asidi kali ya moto. Chaguo la EDTA lina gharama yake, kwani linaweza kuyeyusha baadhi ya punje za vumbi lenye risasi na kuzihesabu kana kwamba zilikuwa ukutani. Kwa hiyo namba ya risasi ya awamu ya pili tunaisoma kuwa kikomo cha juu, si kipimo kamili.

Potasiamu ndiyo shahidi wa kazi nzima. Katika seli nzima karibu potasiamu yote iko ndani ya utando, hivyo inapaswa kuonekana katika awamu ya tatu. Ikionekana kwa wingi katika awamu ya kwanza au ya pili, utando ulikuwa umeshapasuka kabla hatujaanza, na mgawanyo wa metali nyingine katika sampuli hiyo hauaminiki. Jambo linalonivutia ni kwamba kasoro hii ya mbinu ni taarifa kwa upande mwingine: sampuli inayotupwa kwa sababu potasiamu yake imevuja ndiyo sampuli iliyodhurika.

Matokeo ya awali yanaelekea pale tulipotarajia. Risasi nyingi ya Hypnum imegawanyika kati ya ukuta na punje, na ndani ya seli imeingia kidogo. Zinki na kadimi zimeingia kwa sehemu inayoonekana. Shaba imesimama katikati. Chini ya hadubini majani ya sampuli za karibu na marundo yana punje nyeusi, nyingine za duara kabisa, zilizojikusanya kwenye kikwapa ambapo jani hukutana na shina. Punje za duara huundwa na kitu kilichoyeyuka kwa moto mkali kisha kikaganda kikiwa angani, kwa hiyo ni masalia ya tanuri zenyewe na si udongo wa kawaida. Nimezitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Seli zilizo chini yake ni za kijani na nzima.

Mei: mifuko ya mosi, hai na iliyokufa

Mahali ambapo Hypnum haioti tumetundika mifuko ya mosi. Wazo hili lilianzishwa na Goodman na Roberts, waliochapisha 1971 kazi yao ya bonde la Swansea huko Wales, mahali palipokuwa na historia ndefu ya kuyeyusha shaba na zinki. Mosi safi, mara nyingi ya jenasi ya Sphagnum, huoshwa kwa asidi hafifu ili gati zake ziwe tupu, husuuzwa, huwekwa katika mfuko wa wavu wa nailoni na kuning'inizwa kwenye mhimili kwa muda unaojulikana. Kwa kuwa mwanzo wake unajulikana, kiwango kinachopimwa ni cha kipindi hicho pekee, tofauti na mosi ya mahali hapo ambayo imekusanya kwa miaka.

Nusu ya mifuko yetu ina mosi iliyouawa kwa joto la nyuzi 120 katika tanuri ya maabara kabla ya kutundikwa. Waliotutangulia wameshapendekeza utaratibu huo, kwa sababu mosi iliyokufa haikui na hivyo uzito wake haubadiliki katikati ya kipimo. Sisi tuliufanya kwa sababu ya ziada, ambayo ni kuona kama uhai unaongeza chochote kwenye unasaji. Mifuko iliyorudi maabara haionyeshi tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili kwa risasi na shaba. Mosi iliyokufa imebeba sawa na iliyo hai.

Hili si ugunduzi mpya, lakini kuliona kwenye jedwali letu wenyewe kumemaliza mjadala uliokuwa ukiturudisha nyuma. Kama kiumbe kisicho na uhai kinakusanya risasi kwa kiwango kilekile, basi kiwango hicho hakiwezi kuwa kipimo cha afya. Ni kipimo cha hewa, na ni kizuri sana kwa kazi hiyo. Yeyote anayetaka kuzungumzia madhara lazima alete ushahidi mwingine.

Tahadhari moja inahitajika kuhusu muda wa kutundika. Sehemu ya ukuta wa seli hujaa na kufikia mlingano na maji ya mvua, ilhali punje huendelea kuongezeka, na mvua kubwa huweza kuziosha tena. Mifuko iliyokaa muda mrefu haimaanishi kipimo bora zaidi.

Juni: dalili za madhara

Vipimo vya madhara tulivyovichagua ni vitatu, na havina thamani sawa.

Kipimo cha kwanza ni uvujaji. Kipande cha likeni hutumbukizwa katika maji safi na upitishaji wa umeme wa maji hayo hupimwa; kisha kipande huchemshwa ili utando wote uvunjike na kupimwa tena, na uwiano wa namba hizo mbili huonyesha sehemu ya ioni iliyovuja kabla ya kuchemshwa. Ni kipimo rahisi, cha bei ndogo, na ninakiamini kuliko vyote kwa likeni, mradi likeni ilimwagiwa unyevu polepole kabla ya kutumbukizwa, kwani likeni kavu inayotoswa ghafla huvuja hata ikiwa na afya kamili.

Cha pili ni hali ya klorofili. Kiini cha molekuli ya klorofili kina atomu ya magnesiamu. Asidi ikiing'oa, klorofili hugeuka feofitini, yenye rangi iliyofifia na isiyofanya kazi yake. Klorofili hutolewa kwa kiyeyushi kiitwacho dimethili sulfoksaidi na kusomwa katika mawimbi ya nanomita 435 na 415, na uwiano wa masomo hayo katika likeni yenye afya hukaribia 1.4. Ukishuka, klorofili inaharibika. Lakini Xanthoria na likeni nyingine nyingi zina asidi zao wenyewe, ambazo huweza kuharibu klorofili wakati wa kuitoa, hivyo sampuli husuuzwa kwanza kwa asetoni ikiwa kavu ili asidi hizo ziondoke. Uwiano huu uliwekwa kwa ajili ya uchafuzi wenye asidi, na kwa metali ninaona ni kipimo butu. Shaba, kwa mfano, huweza kuiondoa magnesiamu na kukaa mahali pake, ikatoa klorofili ya shaba ambayo bado ni ya kijani lakini haifai kwa usanisinuru. Rangi hudumu ilhali kazi imekoma.

Cha tatu ni mng'ao wa klorofili. Likeni iliyoloweshwa huwekwa gizani, kisha humulikwa kwa mwanga mkali wa ghafla, na chombo husoma ni sehemu gani ya mwanga uliofyonzwa inayoweza kutumika katika usanisinuru. Mimea mikubwa yenye afya hutoa thamani inayokaribia 0.83, likeni zenye afya kwa kawaida huwa chini ya hapo, kwa hiyo tunalinganisha likeni na likeni ya spishi ileile na unyevu uleule, bila kutumia kipimo cha mimea mingine.

Mshirika dhaifu katika likeni ni mwani. Kuvu huwa na kuta zinazoshika metali na huweza kuwa kinga, lakini metali zikivuka kinga hiyo, usanisinuru huanza kushuka kabla mtu hajaona badiliko lolote kwa macho. Sumu ya metali haifuati uzito wake bali tabia yake ya kikemikali. Evert Nieboer na David Richardson walipendekeza mwaka 1980 kwamba neno metali nzito liachwe na metali zipangwe kwa namna zinavyochagua wa kufungamana nao: zile kama kalisi hupenda oksijeni, zile kama zebaki na fedha hupenda salfa na nitrojeni, na katikati zimo zinki, nikeli, shaba, kadimi na risasi. Vimeng'enya vingi hutegemea vikundi vya salfa, na hapo ndipo zebaki na fedha hupata ukali wao. Nakubaliana nao kuhusu mpangilio, ingawa jina la zamani limekita mizizi kiasi kwamba hata shajara hii imelazimika kulitumia.

Likeni tulizozihamisha kutoka msituni na kuzifunga kwenye matawi ya karibu na marundo zimeonyesha uvujaji uliopanda na mng'ao ulioshuka, wakati uwiano wa klorofili haujatikisika. Mfuatano huo unalingana na maelezo hapo juu. Isitoshe, likeni ambazo zilipata vipindi virefu vya ukavu zimedhurika kidogo kuliko zile zilizokaa na unyevu, ingawa vumbi lililozifikia halitofautiani sana. Likeni kavu imelala. Haifanyi usanisinuru wala haipokei ioni, kwa hiyo metali iliyo juu yake husubiri maji.

Julai: wanaoishi uzioni

Mwezi huu tumegeukia wenyeji wa mahali penye uchafu zaidi. Kwenye mawe ya mabaki ya uyeyushaji kuna likeni za jenasi ya Acarospora zilizobandika kama ukoko, nyingine zikiwa na rangi ya kutu. Rangi hiyo si ugonjwa, kwani Acarospora sinopica inajulikana kwa kuota kwenye miamba yenye chuma kingi na kujaza oksidi za chuma katika tabaka lake la juu.

Mbinu za kustahimili ni nyingi kuliko nilivyodhani mwanzoni. Kuvu wengi wa likeni hutoa asidi ya oksaliki, nayo hufungamana na metali kuwa fuwele zisizoyeyuka nje ya seli. Fuwele za oksaleti ya shaba zimepatikana ndani ya likeni zinazoota kwenye miamba yenye shaba. Asidi nyingine za likeni, kama asidi ya norstiktiki, nazo hushika shaba na kuzipa baadhi ya spishi rangi ya kijani isiyo ya kawaida. Katika uchunguzi uliochapishwa 1998, Diploschistes muscorum ilikutwa na zinki inayozidi asilimia 9 ya uzito wake mkavu, sehemu kubwa ikiwa imefungwa katika oksaleti, ilhali Xanthoria parietina iliyochunguzwa pamoja nayo ilikuwa imeshika risasi kwenye kuta za kuvu. Ndani ya seli kuna ulinzi mwingine: mwani wa likeni nyingi hutengeneza fitokelatini, minyororo mifupi yenye salfa inayokamata kadimi na kuitenga.

Kwa mosi, mfano unaoshangaza zaidi ni Funaria hygrometrica. Nyuzi zake changa zilizokuzwa maabarani nchini Japani, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2018, zilifyonza risasi mpaka ikafikia asilimia 74 ya uzito mkavu, nyingi ikiwa kwenye kuta za seli. Zipo pia mosi kama Scopelophila cataractae ambazo huota hasa palipo na shaba nyingi, kiasi kwamba zimeitwa mosi za shaba.

Ceratodon purpureus na Bryum argenteum za uzioni zimebeba metali zaidi ya sampuli nyingine zote za mradi, na vipimo vyao vya uvujaji na mng'ao vinakaribia vile vya msituni. Zikiwekwa kwenye ramani ya kawaida ya viwango, zitaonekana ndizo zilizoathirika kuliko zote. Hata hivyo haitoshi kusema kwamba spishi hizi ni sugu kwa asili. Huenda ni kizazi kilichochujwa papo hapo, wasiostahimili wakiwa wameshakufa. Jaribio la kuhamisha Ceratodon ya msituni kwenda uzioni, na ya uzioni kwenda msituni, limeanza kwa ajili hiyo.

Agosti: namna ya kutoa taarifa

Wanaosubiri ripoti wameomba ramani moja yenye rangi, kutoka kijani hadi nyekundu. Tumekubaliana kwamba watapewa mbili: moja ya kilichobebwa, iliyotokana na mifuko na kipimo cha jumla, na nyingine ya kilichodhurika, iliyotokana na uvujaji na mng'ao wa likeni zilizohamishwa. Zinatofautiana zaidi uzioni, na maelezo ya tofauti hiyo yatawekwa ubavuni mwa ramani, si katika kiambatisho ambacho hakisomwi.

Ramani ya kilichobebwa haidharauliwi. Mwezi Desemba 2013 watafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani walikusanya sampuli 346 za mosi Orthotrichum lyellii kutoka kwenye miti ya jiji la Portland, Oregon. Ramani iliyotokana nazo ilionyesha kadimi imejikusanya kuzunguka karakana mbili za vioo vya rangi, mahali ambapo vituo vya kupimia hewa havikuwapo. Chombo cha hewa kilipowekwa karibu na mojawapo, Oktoba 2015, kadimi ilikutwa mara 49 ya kiwango elekezi cha jimbo. Mosi hizo hazikuhitaji kuugua ili zifae. Zilionyesha pa kuweka chombo, na chombo kikathibitisha. Nasi tunapendekeza vipima hewa viwekwe pale ambapo mifuko ilibeba zaidi, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia afya ya wakazi kwa kutumia namba za mosi, kwa kuwa mikrogramu kwa gramu ya mosi haigeuzwi kuwa mikrogramu kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa hesabu rahisi.

Sehemu ya sampuli za risasi imetengwa kwa kipimo cha isotopu, yaani aina za atomu za metali ileile zinazotofautiana kwa uzito. Uwiano wa risasi 206 na risasi 207 hutofautiana kulingana na umri na asili ya madini, na risasi ya zamani ya petroli mara nyingi huwa na uwiano tofauti na ule wa madini ya kiwanda kimoja mahususi. Punje za duara zinatuelekeza kwenye tanuri, lakini risasi iliyo ukutani mwa seli haina umbo, na isotopu ndizo zitakazosema imetoka wapi. Mifuko ya kundi la mwisho inabaki juu mpaka kipindi cha mvua kiishe, na Ceratodon zilizohamishwa zitapimwa uvujaji kwanza, kisha mng'ao, na metali mwisho kabisa, kwa kuwa kipimo cha metali huimaliza sampuli.